Mzee wa Kasulu na taa nyekundu

Huu ni mwaka wa sita nakaa mapokezi ya hoteli hapa Kigoma mjini, na nadhani nimeambiwa "dada, kadi yako ya mlango imekataa" mara nyingi kuliko nilivyoamkiwa. Yako! Utadhani mimi ndiye niliyeizaa.

Juzi treni kutoka Dar ilichelewa kwa saa tano. Usiku wa manane akaingia mzee mmoja wa Kasulu, begi begani, anataka kulala kidogo tu awahi basi la alfajiri. Nikamwandikia kadi, akapanda. Hazikupita dakika mbili, huyo karudi.

"Binti, inawaka nyekundu."

Nikaiandika upya. Nyekundu.

Wageni wengi hudhani vitasa vyetu vimeungwa na kompyuta yangu, kwamba nikibonyeza huku, kule kunafunguka. Wapi! Kitasa cha kwetu wala hakinijui. Kina betri zake nne ndogo, zile za redio, na saa yake ndani, ndiyo maana hata umeme ukikatika milango inafunguka. Tarishi ni kadi. Naiweka kwenye kimashine, inabeba namba ya chumba, muda wa kuingia na muda wa kutoka. Mgeni mpya akiigusisha mlangoni, kitasa kinajua huyu ndiye wa leo, na kadi ya jana inakufa hapohapo. Kwa hiyo wewe uliyeondoka na yangu mpaka Bujumbura, endelea kuitumia kuchokolea dirisha.

Kadi yenyewe haina betri. Imulike kwa nyuma na tochi ya simu: kwenye zile nyeupe nyembamba utaona waya mwembamba kama unywele umezungushwa mara kadhaa, na kijidoa cha chipu. Kitasa kinarusha mawimbi ya redio, waya unayanasa na kuyageuza umeme kiduchu, chipu inaamka na kusema ilichotumwa. Zile za utepe mweusi ndizo zilizokuwa zinaharibiwa na sumaku za mikoba. Na kabla yake, miaka ya 1970, Mnorwe Tor Sørnes alibuni kadi ya plastiki ya matundu: nafasi 32, kila moja ama imetobolewa ama haikutobolewa. Piga hesabu, unapata michoro zaidi ya bilioni 4.

Turudi kwa mzee. Nikakumbuka mchana fundi alibadilisha betri za chumba kile. Zilipotoka, saa ya kitasa ikarudi nyuma miaka, na fundi hakuirekebisha. Kwa hesabu za mlango, siku ya mzee kuingia ilikuwa bado. Nikapanda na kimashine cha mkononi, nikakipa kitasa saa sahihi. Kijani. Klik.

"Treni imenichelewesha saa tano," akasema, "halafu mlango unaniambia nimewahi."

Alfajiri akarudisha kadi, akaaga, akaondoka. Robo saa baadaye dada wa usafi akanishushia kitambulisho cha NIDA. Mzee alikichomeka kwenye swichi ya ukutani, ile inayochomekwa kadi ndipo chumba kipate umeme, ili simu ichaji wakati yeye yuko msikitini na kadi mfukoni. Swichi yetu haisomi chochote, inataka tu kitu kiibonyeze. Nikampa kijana wa bodaboda kitambulisho, akakimbia nacho stendi.

Alilikuta basi limeshawasha injini.