Nilimwita binti wa watu mwongo, kumbe aliyedesa ni mimi

Hii nilikuwa siiandiki kabisa, ila imenikaa rohoni wiki ya tatu sasa, ngoja niitoe.

Mi nafundisha Jiografia sekondari moja hapa Mwanza, kidato cha tatu, watoto mia na kitu kwenye mikondo miwili. Mwezi uliopita nikawapa asaimenti ya uvuvi Ziwa Victoria, kurasa mbili, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida ya sekondari zetu. Simu shuleni marufuku, lakini nyumbani mama ana simu, kaka ana simu, na kabando kadogo tu kanatosha kuiuliza ChatGPT (ile mashine ya AI, akili bandia, inayokuandikia majibu) kila kitu, kwa hiyo nilijua watadesa na kweli wakadesa. Karatasi tisa zilianza na sentensi ile ile neno kwa neno, na mmoja akanakili mpaka pale mwishoni ambapo mashine inauliza kama ungependa ikufupishie. Nilicheka stafu mpaka madam wa Kemia akaniuliza kulikoni.

Sasa katikati ya hizo kulikuwa na moja imenyooka. Kiingereza kisafi, sentensi fupi fupi, kosa hulioni. Nikaichapa kwenye simu nikaiingiza kwenye moja ya zile programu zinazodai zinajua kama kitu kimeandikwa na mashine, ikaleta asilimia 87. Nikamsimamisha binti mbele ya wenzie (hapa ndo najichukia) nikamwambia sema mwenyewe umetoa wapi. Akanyamaza. Nikampa sifuri.

Saa za kutoka akaja mlangoni na mwenzie kamshika mkono. "Shikamoo Sir. Naomba uniulize."

Nikuulize nini? "Chochote cha kwenye karatasi yangu."

Nikamuuliza kwa nini wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kila siku. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akahamia Kiswahili na mimi nikamwacha. Akasema dagaa wanafuata taa, sasa mbalamwezi ikishakuwa kubwa ziwa lote linang'aa, we ukiwasha yako nani aione, ndo maana siku hizo mitumbwi inalala na watu wanashona nyavu. Akasema mama yake anazikumbuka karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Akasema dagaa wa kwenye chanja bei yao iko juu kuliko wa mchangani kwa sababu hawana mchanga kwenye meno, na mvua ikikukuta umeshaanika basi wanaenda kuwa chakula cha kuku. Mama yake anaanika, yeye Jumamosi anageuza, na akanionyesha kwa mkono jinsi ya kupitisha fagio juu juu ili dagaa wasivunjike vichwa. Vyote hivyo vilikuwa kwenye karatasi. Mi nilikuwa nimesoma Kiingereza chake tu, alichokisema sikukisoma.

Usiku nikaingia mtandaoni kuangalia hizo programu za kupima zinafanyaje kazi, nikaona aibu zaidi. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa kipimo chao mwanzoni mwa 2023 na Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu kilikuwa kinakosea mno. Halafu mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakachukua insha za watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kuzaliwa wakazipitisha kwenye vipimo saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na mashine wakati zimeandikwa na watu. Sababu yenyewe ni kwamba kipimo kinashtuka kikiona maneno ya kawaida yaliyopangwa kikawaida. Sasa mtoto wa Mwanza aliyejifunza Kiingereza kwa kunakili sentensi za ubaoni unategemea aandikeje jamani?

Bado. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetoa jaribio la maswali ishirini, nimeyatoa kwa AI, nimeprinti bila kuyasoma vizuri kwa sababu nilikuwa na azimio la kazi, ule mpango wa kufundishia, la kumalizia (nalo nilisaidiwa, tusidanganyane). Swali la 14 likasema Ziwa Victoria ni ziwa la Bonde la Ufa kama Tanganyika na Nyasa, eleza lilivyotokea. Mwalimu wa Jiografia, tena naliona ziwa kila asubuhi kutoka kwenye daladala! Victoria lilitokana na ardhi kubonyea katikati ya ile mikono miwili ya Bonde la Ufa, ndo maana halina kina kirefu kama Tanganyika, na mimi mwenyewe nilishawafundisha hilo. Wengi wakajibu hivyo hivyo nilivyowauliza, maana mwalimu kasema. Yule binti aliandika pembeni kwa penseli: "Sir hili swali mbona silielewi."

Na orodha ya majina na maksi za darasa zima nilishaipandisha kwenye hiyo AI inipangie wastani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na hakuna mzazi hata mmoja niliyemuuliza. Sikuwaza kabisa, nilikuwa nataka kuwahi kulala.

Siku hizi sikatazi, nitakataza simu ya mama wa mtu nikiwa wapi? Nachowaambia ni kwamba ukiuliza mashine andika chini ulichouliza, na nikishakusanya nachomoa karatasi kumi bila kuangalia majina, kila mwenye karatasi anakuja mezani dakika mbili anieleze kwa mdomo, lugha yoyote, hata akichanganya na Kisukuma tutaelewana. Inachosha sana na kuna siku naruka. Na mimi kwenye majaribio naandika swali lipi nimelitoa wapi.

Jumatatu nikasimama pale pale nilipomwaibishia nikaomba radhi, nikaeleza na swali la 14. Darasa kimya. Akanyoosha mkono: "Kwa hiyo Sir na wewe ulidesa?"

Nikamwambia ndiyo. Wakacheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Karatasi yake nimesahihisha upya, kapata 17 kati ya 20, tatu nimekata kwa sababu hakuandika neno hata moja kuhusu sangara.