Dogo ananusa nini

Juzi Jumapili baada ya ibada tumekaa mezani hapa Uyole, Dogo, mdogo wangu, anatusimulia bei ya parachichi ilivyo huko Rungwe msimu huu, katikati ya sentensi akakata. Pua ikavuta hewa, ikavuta tena, macho yakabaki ukutani kwenye kalenda, sekunde chache tu, afu akauliza "nilikua nasemaje?" na akaendelea. Wageni wala hawakustuka. Ila binti yangu, huyu wa darasa la tano, alimsubiri atoke uani ndo akaniuliza, "Mama, hivi mjomba ananusaga nini?"

Mpira unaoungua, nikamwambia. Ananusa mpira unaoungua na hakuna mpira wowote, ni kifafa chake hicho.

Akataka kujua harufu inatoka wapi sasa kama mpira haupo, nikaanza kumweleza, na kadiri ninavyoeleza nikajikuta nimerudi Dar mwaka 2015 kwenye kile chumba cha EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo.

Ya nyuma ya kifafa chake sirudii yote. Waganga, mbuzi, ile mifungo, shule iliyomwambia Mama akae na mtoto wake nyumbani maana anawatisha wenzie. CT skani, ile picha ya kichwa ya mionzi, tulishapiga hapa hapa Mbeya na ndo ilionyesha kidoti cheupe upande wa kushoto, ndani huko usawa wa sikio, cheupe kabisa kwa sababu kimeshageuka chokaa, na CT chokaa inaionyesha vizuri kama inavyoonyesha mfupa. Tukadhani kazi imeisha. Kumbe picha ile inasema kitu kipo, haisemi kinafanya nini. Kinaweza kuwa ndo chanzo cha yote na kinaweza kuwa kimekaa tu. Tukaandikiwa barua twende Dar kwa EEG na MRI, ile picha ya sumaku, tukauza ng'ombe, tukapanda basi mimi, Mama na Dogo.

Usiku wa kuamkia kipimo Dogo hakutakiwa kulala, maana ubongo uliochoka unajifichua wenyewe, basi tulikesha naye kwa mama mdogo Mbagala, tunamwambia amka, anaamka, tunacheza karata, anasinzia, amka wewe.

Asubuhi yake dada mmoja mpole, ndo mtaalamu wa ile mashine, akampima kichwa kwa futi ya kushonea, akaweka alama za penseli, akaanza kubandika waya moja moja kwa pesti nyeupe. Mama akashika mkoba kwa nguvu akauliza, "Mwanangu, hamtampiga umeme?" Yule dada akaacha kazi kabisa akamgeukia, "Hapana mama, shikamoo kwanza, samahani sijakusalimia. Hatumpi umeme wowote. Huu ni wa kwake mwenyewe, tunausikiliza tu." Akasema ni umeme mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti, na kila waya unasikiliza kipande cha ubongo kilicho chini yake. Waya za kushoto zina namba witiri, za kulia zina namba shufwa.

Wakampumulisha kwa nguvu dakika tatu. Wakamwashia taa za kumulikamulika. Hakuna kitu. Afu wakamwambia sasa lala, na kwa ule usingizi wa kukesha hakuambiwa mara mbili.

Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma ya yule dada, naangalia skrini na sielewi kitu, mistari inapanda inashuka ovyo ovyo. Afu miwili mitatu ya kushoto ikabadilika. Ilikua ovyo, sasa ikapata mdundo. Vimeno vidogo vidogo, sawasawa, vinajirudia, na mistari mingine yote inaendelea na mambo yake. Nikamwangalia Dogo kupitia kioo. Amelala chali, mkono juu ya tumbo, anapumua vizuri. Nikarudi kwenye skrini, mdundo umekua, umeshaingia kwa majirani. Nikamwangalia tena. Hana shida yoyote jamani, amelala. Yule dada kashabonyeza alama kwenye kompyuta na kashanyanyuka, na mimi nataka kupiga kelele nimwambie Dogo kinakuja, amka, kinakuja, na miguu haiendi.

Ndo pua ikavuta hewa.

Akafumbua macho. Midomo ikaanza kutafunatafuna, mkono wa kushoto ukawa unachokonoa kifungo cha shati, wa kulia ukakakamaa ukajipinda kwa ndani. Hayo yote nimeyaona tangu yuko kidato cha pili, nayajua kwa mfululizo wake. Lakini miaka yote nilikua nakikuta kimeshafika. Siku ile nilikiona kikiwa bado kiko njiani, kiko mahali padogo kichwani mwake, na mwenyewe hana habari.

Yule dada akaingia, akamshika bega, "Jina lako nani?" Kimya. Akamwonyesha kalamu, "Hii nini?" Mistari ilikua imeshatulia, imebaki mizito, ya polepole. Dogo akaiangalia ile kalamu. Aliijua, naapa aliijua, maana aliipokea akaiweka vizuri kwenye vidole kama mtu anayetaka kuandika, ila neno halikuja. Akajaribu, mdomo ukafunguka, ukafunga. Akanitafuta mimi kwa macho kupitia kioo nimsaidie kulisema. Baadae daktari alisema ndo inavyokua ikianzia kushoto, maana kwa watu wengi maneno yako upande huo, na sehemu iliyotoka kuchemka inachukua muda kurudi kazini. Alipolipata alilisema mara nyingi mfululizo, kalamu, kalamu, huku machozi yanamtoka, na Mama kule kwenye benchi la nje hajui kinachoendelea.

MRI ilikua kelele na kusubiri. Ikaonyesha kovu pale pale ilipoonyesha CT, na limezungukwa na uvimbe kidogo wa maji.

Daktari aliyetusomea majibu alikua kijana, anapenda kazi yake mpaka unaona, akachukua karatasi akachora. EEG inajua saa, akasema, inajua sekunde gani imeanza, ila mahali inapakisia tu maana fuvu linatawanya umeme na vya ndani sana havifiki kwenye waya. MRI inajua mahali barabara ila hii tuliyopiga haioni kazi. Ndo akatuambia kuna wenzao, Montreal, London na kwingine, wanaoviunganisha, mgonjwa anaingia kwenye sumaku akiwa na waya zake kichwani. Majaribio ya namna hiyo yalianza mwaka 1993. Na hiyo MRI inakua ya kupima kazi, kutokana na alichoonyesha Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Kipande cha ubongo kikichangamka kinaletewa damu nyingi kuliko kinayoitumia, na mashine inaona. Hata bila kifafa kamili, ule umeme mdogo unaoruka ruka katikati ya siku za kawaida unatosha kuacha alama.

Dogo, ambaye alikua kimya tangu asubuhi, akauliza, "Kwa hiyo daktari wanaona kabla sijanusa?" Daktari akafurahi na swali. Akasema damu kwa kawaida inachelewa nyuma ya umeme sekunde kadhaa, lakini kuna tafiti zimekuta damu imeanza kubadilika hata kabla EEG haijaonyesha kitu. Na la pili ndo lililonishika mimi: mabadiliko hayakai kwenye lile kovu peke yake. Huku panachemka, na sehemu za mbali kabisa zinapunguza kazi, zikiwemo zile zinazoshughulika mtu akiwa ametulia na nafsi yake. Miaka yote namwuliza Dogo, unaendaga wapi ukikodoa macho vile? Nikapata angalau mwanzo wa jibu.

Mama alisikiliza yote. Afu akauliza lake. "Nani kakiweka hapo?"

Daktari akasema tegu. Minyoo ya nguruwe, huku kwetu nyanda za juu kusini ipo sana. Mama akaja juu, kwake kitimoto inachemshwa mpaka inaachia mfupa! Daktari akamwambia taratibu, mama, nyama mbichi inakupa tegu la tumboni. Kilichoingia kichwani kwa mtoto ni yai, na yai linatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, linapita kwenye mikono, mboga, maji. Hata asiyekula nguruwe kabisa anapata. Hiki cha Dogo kilishakufa zamani, hakihitaji dawa ya minyoo, kinahitaji dawa ya kifafa tu.

Nilimwona Mama anahesabu. Kichwani mwake anapita kila aliyewahi kupika nyumbani kwetu, kila aliyelala, kibarua wa migomba, marehemu baba. Alitoka kijijini na swali la nani, na sasa daktari kampa nani nyingine, ya karibu zaidi. Tuliporudi tukamezeshwa dawa ya tegu nyumba nzima, na choo kikachimbwa upya kabla ya mvua. Jina hakuwahi kulitaja.

Dogo yuko kwenye kabamazepini, dawa ya kifafa, asubuhi na jioni. Kuanguka aliacha, kunusa hakujaacha, na kunusa kwenyewe ni kifafa hicho hicho kidogo, ndo maana pikipiki simpi hata akinuna.

Swali la mwisho Mama alilisimamia mlangoni tayari. Watoto wote wamekunywa maji ya mto mmoja, kwa nini huyu? Daktari akasema wapo wengi sana wenye vidoti hivyo vijijini kwetu na hawajawahi kuanguka hata siku moja, na kwa nini mmoja kinachokonoa umeme na mwingine kinakaa kimya bado kinatafutwa. Mama akaomba basi sisi wote tupigwe picha. Daktari akakataa kistaarabu, mionzi ya bure, na hata kikionekana kwa mtu asiyeumwa kimeshakufa mtakifanya nini.

Hapo ndo sijamaliza na nafsi yangu. Mimi na Dogo tumenawa beseni moja, tumekula sahani moja. Kichwa changu hakijawahi kupigwa picha. Mume wangu anasema nikapige tu nitulie, na mimi sijaamua kama ni kutulia ndo nitakokupata.