Tanga jasho, Amani koti

Mtu wa Tanga ukimtajia utalii akili yake inakimbilia Serengeti, wakati hapo juu ya Muheza tu kuna msitu wa Amani, watu wanatoka Ulaya kuja kuuona na sie wenyewe hatuujui. Basi mwezi wa tatu mwishoni, joto lile ambalo hata feni inapuliza moto, nikapanda basi.

Mpaka Muheza hakuna la kusimulia, mkonge na machungwa. Hapo nikachukua boda, tukapita geti la Zigi, barabara inapanda kona kwa kona, ukungu unaanza, na mi nimevaa shati la mikono mifupi. Mzee anayetembeza wageni nikampa shikamoo yake. "Marahaba mwanangu, ndo umekuja hivyo hivyo bila koti? Huku sio Ngamiani kwenu Tanga mjini."

Tukawa tunatembea ananieleza, upepo wa bahari unakuja na unyevu wake, ukigonga hii milima inabidi upande, huko juu unapoa, mvua inashuka, karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Maji hayo yanaingia mto Zigi yanateremka mpaka bwawa la Mabayani, yaani ndo haya ya bombani kwetu mjini!

Kwenye mwamba pembeni ya kijito, kivulini, kuna vijiua vya zambarau majani yake yana manyoya laini. Baroni mmoja Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul, alivipeleka kwao 1892, leo viko kwenye madirisha dunia nzima. Halafu kinyonga, na mi kinyonga namuogopaga tangu utoto, huyu ana pembe tatu usoni, jicho moja linaniangalia lingine liko nyuma huko. Mzee akasema ni dume, jike hana pembe hata moja.

Bustani ya mimea ni kazi ya Wajerumani, walianza 1902, wakapanda miti ya kila nchi. Kuna mmoja kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria umetoroka bustanini unavamia msitu wa asili, hondohondo wanakula matunda yake wanaenda kudondosha mbegu mbali huko, na wenyewe wako juu yetu wanapiga kelele balaa. Nikauliza, kwa hiyo mzee tuwafukuze hondohondo? Akacheka mpaka akapaliwa, "Wafukuze wewe, mimi waongozaji wenzangu hao."