Seli Zilizoishia Njiani

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 11 tulipoitwa kusikiliza majibu ya picha ya MRI pamoja na kipimo cha jeni kilichofanywa kwa damu yake. Kifafa kilikuwa kimemwandama tangu utotoni, na masomo, hasa hesabu, yalimpa taabu ambayo bidii yake haikuweza kuimaliza. Kwa muda wote huo nilikuwa na swali ambalo sikuwahi kumwambia mtu: je, chanzo chake kilikuwa homa kali niliyougua mimba yake ilipokuwa na miezi mitano?

Daktari hakuanza na habari za dawa. Alituwekea picha ya ubongo kwenye skrini, akaonyesha kwa kalamu ukanda wa kijivu wa nje, ambao ndio gamba la ubongo, kisha akaishusha kalamu hadi kwenye ukanda wa pili, nao wa kijivu, uliolala ndani ya sehemu nyeupe ambapo hapakupaswa kuwa na kijivu chochote.

"Mama, hizi ni seli za neva kama zile za juu," alisema, "ila hazikufika."

Nikamwuliza zilikuwa zikienda wapi. Jibu lake lilikuwa refu, na ninamshukuru kwa kutolifupisha.

Seli nyingi za gamba la ubongo hazizaliwi kwenye gamba lenyewe. Huzaliwa ndani, kandokando ya vyumba vya majimaji vilivyo katikati ya ubongo wa kijusi, kisha husafiri kwenda nje zikifuata nyuzi ndefu za seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo, zinazotoka huko ndani hadi ukingoni, na sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 wa mimba. Jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha ni kwamba seli zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia na kutulia juu yake. Seli husogea kama mtu apandaye kamba: hurefusha mkono na kushika mbele, ndipo huuvuta mwili, yaani kiini chake, ufuate.

Kila hatua ya safari hiyo inategemea jeni, wala hakuna jeni moja inayoiongoza yote. Iko inayotoa maelekezo ya kutengeneza rilini, protini inayomwagwa na seli za ukingoni ili zinazopanda zijipange mahali pake. Panya wenye hitilafu katika jeni hiyo walielezwa huko Edinburgh mwaka 1951 kwa sababu ya kuyumba kwao wanapotembea. Matabaka ya gamba la ubongo wao yamevurugika, na jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1995. Nyingine ni LIS1, iliyo kwenye kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ambayo husaidia mtambo wa kukivuta kiini. Ya tatu ni DCX, iliyotambuliwa mwaka 1998, ambayo protini yake huiimarisha mirija midogo sana iliyo ndani ya seli inayosafiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa na hitilafu kwa binti yangu.

Hapo nilishindwa kuelewa. Kama jeni ilikuwa na kasoro, mbona seli nyingine zilifika? Daktari alichukua karatasi akachora. DCX imo katika kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, kwa hiyo jeni hiyo ikiharibika, kwa kawaida seli zake nyingi hukwama na ubongo wake hukosa mikunjo yake ya kawaida. Msichana ana X mbili, na mapema sana katika ukuaji wake kila seli huzima mojawapo bila mpangilio, na seli zote zitakazotokana nayo huendelea hivyo hivyo. Zile zilizobakiwa na jeni nzima zilipanda hadi juu zikajenga gamba. Nyingi kati ya zile zilizobakiwa na jeni yenye hitilafu ziliishia njiani, zikawa ule ukanda wa pili.

Ndipo nikaitamka ile homa. Daktari aliweka kalamu chini, akanijibu kwamba hitilafu hiyo ilikuwamo tayari katika seli zake tangu mwanzo kabisa, kabla sijajua kuwa nina mimba, na kwamba homa haikuiandika. Damu yangu na ya baba yake zilipimwa pia, na hitilafu hiyo haikuonekana kwa yeyote kati yetu. Hata hivyo alitutahadharisha, jambo ambalo naliona la haki, kwamba hitilafu inaweza kujificha katika baadhi ya mayai au mbegu za mzazi bila kuonekana katika damu.

Binti yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Sasa hizo zilizobaki njiani zinafanya nini?"

Daktari alimgeukia yeye. Alimwambia kwamba zi hai, zimeungana na seli nyingine, na kwamba kwa baadhi ya watu zimeonekana zikishiriki katika kazi za ubongo; lakini pia huchangia kuzusha degedege. Kwa kuwa ukanda wake ulienea pande zote mbili za ubongo, hakushauri upasuaji. Alibadilisha dawa moja, akaongeza kipimo cha nyingine, na akamwandikia mwalimu wake barua ya kuomba apewe muda zaidi katika mitihani.