Ram, embe na kitenzi

Jana binti yangu alikuwa mezani na kazi ya ngeli. Akauliza, "Baba, mbona embe linaanguka, ndizi inaanguka, ukwaju unaanguka? Si yote matunda?" Nilimjibu nilivyoweza, lakini akili ilikuwa imeshafika Pune, India, juu ya paa la nyumba yetu ya mtaa wa Sadashiv Peth, kwa rafiki yangu Bhau.

Mimi nilikuwa nasoma biashara. Wenzangu wengi ghorofani walikuwa vijana wa vijijini Maharashtra, jimbo lenye mji huo, waliokuja kujiandaa na MPSC, mitihani ya tume ya utumishi ya jimbo. Mtaa ule ni wao: vyumba vya kujisomea unavyolipia kiti kwa mwezi, maduka ya vitabu vya mitihani, vibanda vya chai. Kuna mchujo, mtihani mkuu, kisha usaili, na nafasi ni chache mno kwa umati ule. Hata anayetaka upolisi wa kawaida anaulizwa sarufi ya Kimarathi, lugha ya jimbo hilo. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha anaweza kukosa kazi kwa sababu ya lugha hiyohiyo.

Bhau alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Beed, wilaya ya jimbo hilohilo, na umri wa kuruhusiwa kufanya mtihani ulikuwa unamwishia. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukapanda juu kutafuta upepo. Akaniambia, "Kaa hapa mitra," yaani rafiki, "nikufundishe. Nikikuelewesha wewe mgeni, nitajua kwamba na mimi nimeelewa."

Akaandika kwa chaki sakafuni, mimi nikimmulikia kwa simu: *Ramane amba khalla*. Ram amekula embe. Embe kwao ni la kiume, kwa hiyo kitenzi kikaishia *-a*. Akafuta embe, akaweka ukwaju, ambao ni wa kike: *Ramane chinch khalli*. Akaweka ndizi, isiyo ya kiume wala ya kike: *Ramane kele khalle*. "Umeona? Mlaji ni Ram, lakini kitenzi kinalifuata tunda." Akapigia mstari ile *-ne* iliyobandikwa kwenye jina la Ram. Ikishakaa pale, Ram hasikilizwi tena na kitenzi. Hiyo wanaiita *karmani prayog*.

Kisha akaandika Ram alivyompiga Ravan, adui yake wa kwenye Ramayana, utenzi wa kale wa India: *Ramane Ravanala marle*. Hapa Ravan naye amebandikwa *-la*, na kitenzi hakimfuati yeyote. Mtoe Ram, mweke mkewe Sita, kitabaki *marle*.

Nikamwomba chaki. Nikaandika *Juma amelila embe*, nikamwonyesha *a-* ya Juma na *-li-* ya embe. *Ameula ukwaju. Ameila ndizi.* Akainama karibu na maandishi.

"Wote wawili wamo ndani ya kitenzi?"

"Wamo."

"Na akimpiga Ravan?"

*Juma amempiga Ravan.* Akaweka kidole kwenye *-m-*, akakiacha pale. "Kwenu hakuna anayeachwa nje," akasema, na akanakili sentensi zote nne kwenye daftari lake la mtihani, ingawa hakuna mtahini ambaye angemuuliza Kiswahili. Halafu akanisimulia habari za Dadoba Pandurang, aliyetoa sarufi yake ya Kimarathi mwaka 1836 na ambaye wanamwita Panini wa Kimarathi, kwa jina la mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti. Ni swali ambalo watahini wanalipenda. Bhau alimzungumzia kama mzee wa ukoo wao.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Alipita mchujo, mtihani mkuu ukamkataa, japo alama za Kimarathi zilikuwa nzuri. Akarudi Beed wakati wa kuvuna pamba. Nami nikamaliza masomo, nikarudi Tanga. Tuliandikiana kwa muda, kisha namba yake ikawa haipatikani.

Siwezi kusema kama jimbo linapata ofisa bora kwa kumuuliza kitenzi kinamfuata nani. Labda linapata mtu mvumilivu, na huenda hilo linatosha. Mimi ninachojua ni kwamba sijawahi kupata mwalimu wa sarufi kama yule, shuleni wala chuoni. Napenda kuamini kwamba alipata ofisi mahali fulani. Ila ningesikia kwamba yuko darasani, mbele ya ubao, ningefurahi zaidi.