Siku Moja Nikitafuta Chanzo cha Oili Inayovuja

Saa moja asubuhi. Nilipofika kufungua karakana yangu hapa Moshi, mzee mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kuiegesha mlangoni, na tulipokuwa bado tunajuliana hali doa jeusi lilianza kutanda chini ya injini. Ni BMW R100RT ya mwaka 1982, pikipiki ya safari ndefu aliyoinunua kwa mgeni aliyekatishia safari yake hapa. Ina silinda mbili zilizolala, moja kila ubavu, na kava kubwa la mbele la kukinga upepo. Fundi mwingine aliyeitazama wiki iliyopita alimwambia kwamba sili ya nyuma ya krankishafti, yaani mpira unaozuia oili kutoka kwenye mhimili mkuu wa injini, imekufa na kwamba ni lazima giaboksi ishushwe. “Mwanangu,” mzee aliniambia, “kabla sijauza mbuzi wangu, nataka uione kwa macho yako inavuja wapi.” Niliona ombi hilo ni la haki, kwa sababu mahali oili inapodondokea mara nyingi si mahali inapotokea.

Saa mbili. Niliisimamisha kwenye stendi ya katikati, kwani pikipiki hii ikilazwa kwenye stendi ya pembeni oili yote hukimbilia kushoto na kumdanganya mtazamaji. Kisha nilipima oili. Katika injini hizi kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima, bali huegeshwa tu juu ya meno yake. Mzee alikuwa akikikaza kila mara, kwa hiyo kilizama zaidi na kumwonyesha oili nyingi kuliko iliyokuwemo. Ilikuwa imepungua kidogo, nami nikaacha kuwaza kwamba injini imejazwa kupita kiasi na kutapika kupitia njia yake ya kupumulia. Giaboksi ina oili yake peke yake, karibu lita 0.8, nayo ilikuwa imetimia. Nilipaka tone lile kidoleni nikalinusa: halikuwa na ile harufu kali ya kiberiti ambayo oili ya gia huwa nayo. Basi ilikuwa oili ya injini. Nilimuuliza pia kama klachi inateleza anapopanda milima, naye akasema haijawahi kuteleza. Jibu hilo lilinipa shaka juu ya maneno ya fundi yule, maana klachi ya pikipiki hii ni kavu na imekaa nyuma kidogo tu ya sili inayolaumiwa, kwa hiyo oili ya hapo ingeweza kuilowesha na kuitelezesha, ingawa jibu hilo halikutosha kuwa ushahidi.

Saa tatu hadi saa tano. Huu ndio muda ambao wateja wengi huuona umepotea, nami naamini ndio kazi yenyewe. Nilifunika kabureta mbili na nyaya kwa mifuko ya nailoni, nikaosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kwa maji ya sabuni, na mwisho nikaikausha kwa upepo wa kompresa hadi kwenye mapezi ya silinda. Kwenye vifuniko vya valvu nilikuta silikoni imepakwa kwa wingi juu ya gasketi, nikaibandua taratibu kwa kipande cha mti ili nisikwaruze aluminiamu. Silikoni ya namna hiyo inanisikitisha sana: inaficha njia ya oili, na kipande chake kikimeguka kwa ndani kinaweza kuziba tundu dogo ambalo injini inalitegemea kwa uhai wake.

Saa tano na nusu. Nilinyunyiza poda ya watoto kuzunguka vifuniko vya valvu, swichi ya presha ya oili, vitako vya silinda na mahali injini inapoungana na giaboksi. Injini inayopozwa na upepo haifai kuachwa ingurume kwa muda mrefu ikiwa imesimama, kwa hiyo niliiendesha hadi Boma Ng'ombe na kurudi ili ipate moto wa kweli.

Saa saba mchana. Poda nyingi ilikuwa imepeperushwa, lakini ile iliyoshika oili haikubanduka. Kwa tochi na kioo kidogo niliufuata mstari wa kijivu kutoka chini kwenda juu: ulianzia silinda ya kushoto, kwenye mpira wa bomba la nyuma la pushirodi (fimbo inayosukuma valvu), pale bomba linapoingia kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Kutoka hapo oili iliteremka ubavuni mwa bloku, ikasukumwa nyuma na upepo, ikaning'inia chini kabisa ya giaboksi, mahali pale pale ambapo fundi wa kwanza aliliona tone. Juu ya mpira ule kulikuwa kukavu kabisa. Nilimkabidhi mzee kioo, akainama, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Saa kumi. Baada ya injini kupoa nilipima tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.20 kwa za kutolea, nikafunga vifuniko kwa gasketi mpya bila silikoni. Ule mpira unaovuja umekuwa mgumu kama kucha. Ipo njia ya kugonga kola ya bomba polepole ili ibane mpira zaidi, lakini mpira uliokufa hivyo haubaniki, na sikutaka kumtoza mzee fedha kwa ajili ya wiki mbili za ukavu. Tulikubaliana kuagiza mipira yote minne, kwa kuwa ina umri mmoja na kuibadilisha kunadai silinda zivuliwe. Giaboksi haitaguswa.

Saa kumi na moja na nusu. Kabla hajaondoka nilikagua tairi la nyuma kuhakikisha kwamba oili haijalifikia, nikamwomba asiende mbali na apime oili kila asubuhi, kijiti kikiwa kimeegeshwa tu. Kipande cha boksi nilichokuwa nimekitandika chini ya pikipiki tangu mchana kilikuwa na tone moja, upande wa kushoto.