Kaseti ya mama haikuwa na kinga yoyote

Nimefanikiwa! Dakika 52 za kaseti ya marehemu mama zimeingia kwenye kompyuta, picha na sauti. Naandika nikiwa bado na hasira na wale walioniambia nikate tamaa.

Ni kaseti ya VHS, mjomba aliirekodi kwa kamera yake mwenyewe. Kila ikifika dakika ya tisa, pale mama anapoinua mkono kukinga jua usoni, programu ya kunasa picha inakata na kuandika kwamba mkanda umelindwa, hairuhusiwi kunakili. Umelindwa na nani, wakati kamera ilikuwa ya mjomba?

Ushauri ukamiminika. Safisha kichwa cha deki: nikasafisha, wapi! Badilisha waya: nikabadilisha, yaleyale. Mwingine akasisitiza nizibe kwa utepe wa gundi kile kitundu kilicho kwenye ukingo wa kaseti, eti kinga iko hapo. Huyu aliniudhi sana. Kitundu kile kikiwa wazi kinazuia mtu asirekodi juu ya mkanda, basi. Hakihusiki kabisa na kunakili yaliyomo. Ningekiziba halafu nibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, mama angefutika. Kiacheni wazi, tafadhali.

Kinga ya kweli kwenye kaseti za filamu, ile ya Macrovision iliyoanza kutumika mwaka 1985, imefichwa ndani ya mawimbi ya picha. Picha ya TV huchorwa kwa mistari ya mlalo: mfumo wa TV uitwao PAL una mistari 625, lakini inayobeba picha ni 576 tu. Kwenye baadhi ya ile isiyoonekana walipachika mapigo ya uongo yenye mwanga mkali kupita kiasi. Deki inayorekodi hupima nguvu ya picha huko huko, ikadanganyika kwamba picha imezidi, ikaipunguza. Na kwa kuwa mapigo yenyewe hupanda na kushuka, nakala inakuwa giza, inang'aa, inaingia giza tena. TV haijirekebishi kwa namna hiyo, ndiyo maana ukiitazama kaseti yenyewe huoni kasoro.

Nilipoelewa hilo nikapata wazo ambalo hadi leo najivunia. Nilikuwa na TV ya zamani, ile ya kioo kizito, yenye kitufe cha kuzungusha kinachotuliza picha isipande na kushuka. Nikaweka kwanza kaseti ya filamu ya dukani, nikazungusha kitufe taratibu mpaka picha ikateleza na ule mkanda mweusi unaojificha juu ya kioo ukashuka katikati. Nikaviona! Vijiraba vyeupe vimejipanga ndani ya weusi, vinawaka na kufifia. Nikatoa, nikaweka kaseti ya mama. Mkanda mweusi ukashuka, mtupu, hauna kijiraba hata kimoja. Ila kwenye dakika ya tisa ukingo wake ulipinda na kutetemeka.

Hapo mambo yakawa wazi. Mkanda wa kaseti ulikunjamana pale, mapigo yake ya kawaida, yale yanayoipanga picha ikae sawa, yakayumba, na programu ikayaona ya ajabu ikadhani ni kinga. Isitoshe, kinga ya kiwandani haingengoja dakika ya tisa; ingekuwepo tangu mwanzo.

Dawa yake ni TBC, kifaa kinachokaa kati ya deki na kompyuta: kinaipokea picha, kinatupa mapigo yaliyochakaa na kuweka mapya yaliyonyooka. Kununua ni ghali, hata kilichotumika, kwa hiyo nikaazima kwa rafiki aliyewahi kufanya kazi ya kuhariri video. Kabla ya kunasa, peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe, hasa kama imelala kabatini miaka mingi. Mimi nusura nisahau.

Nikabonyeza, nikakaa karibu na kioo. Dakika ya nane. Ya tisa. Picha ikatikisika kidogo juu, ikatulia. Mama akashusha mkono, akamgeukia mjomba na kumuuliza kama kamera imeshawaka.